Kupanda na Kutunza Okidi Nyumbani

(Mazungumzo yaliyotolewa Madungu, Chake Chake, mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa)



Nilipoandikiwa barua ya kutakiwa nije nizungumze, niliambiwa nichague jambo lolote lenye faida. Wenzangu walionitangulia wamezungumzia biashara, utabibu na sheria, nami nimewasikiliza kwa furaha. Mimi sina mambo makubwa kama hayo. Nimekuja kuzungumzia maua. Tena si maua tuliyoyazoea majumbani kwetu, kama asumini, kilua na waridi, bali ni maua yanayoota juu ya miti, ambayo vitabuni huitwa okidi. Naona baadhi yenu mnacheka. Chekeni, lakini nisikilizeni mpaka mwisho, kwa sababu hapa mezani nimekuja na vyungu vitatu vidogo nilivyovifunika kwa kanga, na kabla hatujaagana nataka kuvikabidhi kwa vijana. Amana haikabidhiwi kwa mtu asiyejua namna ya kuitunza, na kwa hivyo ndiyo nikaomba muda huu.

KOSA LANGU LA KWANZA

Nilipokuwa kijana wa umri wenu, masika moja yalikuwa makubwa sana, na upepo uliangusha tawi la mwembe wa jirani yetu. Mwembe huo ulikuwa wa bibi mmoja aliyekuwa akiishi peke yake. Juu ya tawi palikuwa na mmea wenye majani marefu, mazito kama mikanda, umeng'ang'ania gome kwa mizizi minene myeupe. Nilikuwa nikiujua mmea ule, maana kila ulipochanua, harufu yake ilikuwa ikitufikia usiku mpaka barazani kwetu. Basi nikaubandua, nikaupeleka nyumbani kwa furaha kama mtu aliyeokota pesa.

Nilifanya yote niliyodhani kuwa ni mema. Nilitafuta kopo la maziwa, nikalijaza udongo mweusi wa bondeni, nikachanganya na samadi ya mbuzi, nikaifukia mizizi yote barabara, na kila jioni nikaumwagilia mpaka kopo likafurika. Kopo lenyewe sikulitoboa. Wiki ya tatu majani yakaanza kulegea. Nikadhani mmea una kiu, nikazidisha maji. Miezi miwili haijatimia, mmea ukanitoka mkononi bila ya kuuvuta. Mizizi yote ilikuwa imeoza na inanuka.

Nilikwenda kwa bibi kumweleza, kwani mmea ulikuwa wake. Hakunigombeza. Alinitazama tu, akasema, "Mjukuu wangu, kitu kilichozoea kukaa juu kwenye upepo wewe umekizika, kisha unashangaa kimekufa?"

Ndugu zangu, maneno hayo ya bibi ndiyo mazungumzo yangu yote ya leo. Haya mengine nitakayoyasema ni maelezo yake tu.

OKIDI NI MMEA WA NAMNA GANI

Okidi ni ukoo mkubwa sana wa mimea. Wataalamu wamekwisha kuhesabu aina zaidi ya 25,000 duniani. Nyingine huota ardhini kama mimea mingine. Huko kwenye uwanda wa juu wa Kitulo, kusini mwa Tanzania Bara, ziko aina nyingi za ardhini, na tangu mwaka 2005 uwanda ule umekuwa Hifadhi ya Taifa kwa ajili ya maua yake. Okidi za namna hiyo huwa na viazi vidogo chini ya ardhi, na katika nyanda hizo za kusini na nchi jirani ya Zambia watu huvichimba wakavifanya chakula kiitwacho chikanda. Uchimbaji huo ndio mojawapo wa mambo yaliyozipunguza sana.

Lakini katika nchi za joto na mvua kama kisiwa chetu, okidi nyingi hukaa juu ya miti. Na hapa pana kosa ambalo ningependa tulisahihishe. Watu wetu wengi wakiona kitu kimeota juu ya tawi hukiita kirukia, wakachukua panga wakakiondoa, kwa kuogopa kuwa kinaunyonya mti. Kirukia cha kweli ni adui, sikatai. Mizizi yake huingia ndani ya ubao wa tawi ikanyonya maji ya mti, na ukitaka kukiondoa huna budi kulikata tawi lenyewe. Okidi haifanyi hivyo. Mizizi yake hushika gome kwa nje tu, kama mkono unavyoshika kamba. Maji yake hutoka kwenye mvua na umande, na chakula chake ni vumbi, majani makavu yaliyooza na mavi ya ndege yanayochukuliwa na maji ya mvua. Ni mpangaji anayekaa dari ya juu, na hata siku moja haingii jikoni mwa mwenye nyumba.

Sasa utazameni mzizi wenyewe, maana siri yote imo humo. Mzizi wa okidi ya mtini umevikwa ganda jeupe, laini, linalofyonza maji kama sifongo. Ukiwa mkavu, huwa mweupe kama fedha. Ukirowa, ganda hilo huona ndani, na rangi ya kijani iliyo chini yake hutokeza. Mvua ikinyesha, mzizi hunywa upesi, halafu upepo hupita ukaukausha, na katika kukauka huko ndimo mzizi unamopumua. Mzizi huu unataka mambo mawili kwa zamu, maji na hewa. Udongo wa bustani huupa maji na kuunyima hewa. Mzizi hukosa pumzi ukaoza, na mmea usio na mizizi hauwezi kunywa. Kwa hivyo majani hulegea kwa kiu ilhali chungu kimejaa maji. Ndiyo sababu mimi nilizidisha maji nikaumaliza kabisa ule mmea wa bibi.

AINA ZINAZOFAA KWETU

Kuna okidi zinazopenda joto na unyevu wa pwani, na nyingine zinataka usiku wa baridi. Usinunue ua kwa kuvutiwa na rangi yake tu. Aina iitwayo Cymbidium, kwa mfano, hustawi milimani, lakini ukiileta pwani utapata majani miaka nenda miaka rudi na ua usilione.

Katika mimea ya Afrika Mashariki, ya kwanza kwangu ni Angraecum. Jina hilo limetokana na neno la Kimalai, anggrek, lenye maana ya okidi, kwa hivyo limevuka Bahari ya Hindi kama walivyovuka wazee wetu wengi. Mojawapo wa aina zake inayoota pwani ya Kenya na Tanzania imepewa jina la giryamae, kwa ajili ya ndugu zetu Wagiriama. Maua yake ni meupe na kijani, na hunukia usiku, kwa sababu anayeitwa kwa harufu hiyo ni nondo, si nyuki. Mwaka 1862 mtaalamu Charles Darwin alilitazama ua la Angraecum moja ya Madagaska, lenye mkia mrefu kiasi cha sentimita 30, na asali yake iko chini kabisa ya mkia huo. Akasema kwamba lazima yuko nondo mwenye ulimi wa urefu kama huo. Wako waliomcheka. Mwaka 1903, yeye mwenyewe amekwisha kufa, nondo wa Madagaska mwenye ulimi huo akaandikwa vitabuni.

Ya pili ni Ansellia africana, okidi ya chui, yenye maua ya manjano na madoa ya kahawia. Ina mashina marefu yanayofanana na vipande vya muwa, na huota hata juu ya minazi na mikoche. Baadhi ya mizizi yake husimama wima kama sindano, ikadaka majani makavu yanayoanguka, nayo yakioza huwa mbolea.

Za kigeni zinazokubali hali yetu ni Dendrobium za nchi za joto, Vanda, na Phalaenopsis, zote asili yake ni upande wa Asia. Ukienda Dar es Salaam kwa wauza miche utazikuta.

Na yuko ndugu mmoja wa ukoo huu ambaye nyote mnamjua bila ya kujua kuwa ni okidi. Ni vanila. Mvanila asili yake ni Meksiko, na ulipopelekwa nchi nyingine ulichanua vizuri lakini hauzai, kwa kukosa wadudu wa kwao. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12 hivi, jina lake Edmond Albius, alibuni njia ya kulichavusha ua kwa kijiti chembamba na kidole gumba. Mpaka leo wakulima wa vanila, wa huku kwetu na wa kwingineko, wanafuata njia ya mtoto yule, na inawapasa waifanye asubuhi ile ile ua linapofunguka, maana mchana huwa limekwisha sinyaa. Vijana, mkumbukeni huyo siku mtakapoambiwa kuwa nyinyi ni wadogo.

CHUNGU NA VITU VYA KUJAZIA

Kazi ya chungu cha okidi ni kuushika mmea usianguke, basi. Si ghala la maji. Chungu cha udongo ni kizuri kuliko cha plastiki katika hali yetu, kwa kuwa kinapumua na hakipati joto upesi. Lakini tundu moja chini halitoshi. Nenda kwa mfinyanzi umwombe akutobolee matundu ubavuni na chini, udongo ungali mbichi, kabla ya kukichoma. Ukijaribu kutoboa chungu kilichokwisha chomwa, aghalabu utakipasua. Kifuu cha nazi kilichotobolewa matundu kadhaa kinafaa kwa mche mdogo. Chungu kisizidi sana ukubwa wa mizizi, maana chungu kikubwa hukaa na maji muda mrefu.

Vya kujazia tunavyo hapa hapa, na havina gharama. Kwanza mkaa, uvunjwe vipande vya ukubwa wa ndimu kwa mmea mkubwa, na vya ukubwa wa kungu kwa mche mdogo. Uoshe mpaka maji yatoke safi, kwa sababu vumbi la mkaa huziba njia za hewa. Pili, vigae au matofali yaliyovunjwa. Tatu, makumbi ya nazi yaliyokatwa vipande. Kwenye makumbi nataka mnisikilize vizuri. Sote tunajua kwamba makumbi ya kufanyia usumba hufukiwa pwani mpaka yaoze. Makumbi hayo yamejaa chumvi, na chumvi huunguza mizizi ya okidi. Tumia makumbi yasiyoingia baharini, na hata hayo yaroweke katika maji baridi siku tatu, kila siku ukibadilisha maji. Mimi huchanganya sehemu mbili za mkaa na vigae kwa sehemu moja ya makumbi. Wakati wa masika napunguza makumbi. Udongo usitie hata chembe, wala mchanga wa pwani.

Kupanda kwenyewe ni hivi. Kata mizizi iliyokufa, ile ambayo ukiibonyeza ni laini na tupu. Weka vigae vikubwa chini ya chungu. Usimamishe mmea, shina lake likae juu ya vipande na lisifunikwe, kisha jazia pembeni polepole. Funga mmea kwa kijiti usitikisike, kwani mmea unaotikisika hukatikwa na ncha za mizizi mipya. Uweke kivulini, na maji uupe kidogo tu mpaka uone mizizi mipya imetokeza.

Ambao hupendi chungu, funga mmea juu ya kipande cha gome au moja kwa moja juu ya mti wenye gome la kukwaruza, kama mwembe. Tumia kamba ya usumba iliyosuuzwa vizuri, usitumie waya. Kamba itaoza yenyewe baada ya mwaka au zaidi, na wakati huo mizizi itakuwa imekwisha shika. Vanda unaweza kuitundika katika kikapu cha vijiti bila ya kitu chochote ndani, lakini mmea wa kutundikwa namna hiyo unataka maji kila siku.

MAJI, MWANGA NA CHAKULA

Watu huniuliza, "Nimwagilie mara ngapi kwa wiki?" Hilo ni swali nisiloweza kulijibu, kwa sababu wiki ya masika na wiki ya kaskazi si moja. Uulize mzizi. Ukiwa mweupe, mpe maji. Ukiwa kijani, ngoja. Na kama mizizi imejificha chunguni, kinyanyue chungu. Chungu kizito kina maji, chungu chepesi kimekauka. Siku chache tu mkono wako utazoea.

Mwagilia asubuhi, upite maji mengi mpaka yatoke chini, kisha acha. Jioni usimwagilie, maana majani yakilala na maji hushikwa na maradhi ya kuoza. Tena usiache maji yakasimama katikati ya majani, hasa ya Phalaenopsis. Maji ya mvua yaliyokingwa mtungini ndiyo bora. Maji ya kisima kilicho karibu na bahari huwa na chumvi, na utaona ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu. Ukiuona, ujue unaulisha mmea sumu kidogo kidogo. Usuuze kwa maji ya mvua.

Wakati wa masika mvua haina kiasi, basi vihamishie vyungu chini ya upenu ambapo upepo unapita lakini mvua haipigi moja kwa moja. Kipupwe kikija punguza maji, kwani mimea mingi hupumzika. Wakati wa kaskazi, jua kali na upepo mkavu, mmea uliofungwa kwenye gome huenda ukataka maji kila asubuhi.

Mwanga ulio mzuri ni wa jua la asubuhi na kivuli cha mchana, kama ule unaopenya katika majani ya mnazi. Jani lenyewe litakuambia. Likiwa kijani kibichi sana, jua halitoshi na ua hutalipata. Likigeuka manjano au likapata mabaka ya kuungua, jua limezidi. Jani jema ni kijani kilichoelekea weupe kidogo. Vanda hupenda mwanga zaidi kuliko wenzake, na Phalaenopsis hupenda kivuli zaidi. Wala usiifungie okidi ndani ya chumba kwa heshima. Barazani ndiko kwake.

Chakula cha okidi ni kidogo. Ukipata mbolea ya dukani ya kuyeyusha majini, tia robo ya kiasi kilichoandikwa, mara moja kila wiki mbili, na mizizi iwe imekwisha roweshwa kwa maji matupu. Mwisho wa mwezi pitisha maji mengi matupu kuondoa mabaki. Samadi mbichi usiitie kabisa.

Wadudu wapo. Vile vijidudu vyeupe kama pamba, na vingine kama magamba ya kahawia chini ya majani, vifute kwa kitambaa kilichochovywa maji ya sabuni, kisha suuza. Konokono watafute usiku kwa taa, maana hupenda ncha changa za mizizi. Sisimizi wakipanda na kushuka, tazama vizuri, huenda wanawafuata wadudu hao.

KUHAMISHA NA KUGAWA

Kila baada ya miaka miwili au mitatu vya kujazia huoza vikawa kama udongo, nawe umekwisha kuambiwa udongo unafanya nini. Basi hamisha mmea, baada ya maua kuisha na mizizi mipya inapoanza kutoka. Dendrobium na Ansellia hugawanywa kwa kisu, lakini kila fungu liachiwe mashina matatu au zaidi, kwani fungu dogo hukaa miaka bila ya kuchanua. Mara nyingine Dendrobium huzaa kitoto juu ya shina lake. Kikiwa na mizizi ya urefu wa kidole kikate ukipande. Angraecum na Vanda hukua kwa ncha moja kwenda juu, na ukiikata katikati bila ya kujua utaipoteza. Ngoja mpaka chipukizi la ubavuni liwe na mizizi yake lenyewe.

Kisu kipitishe motoni kabla ya kuhama kutoka mmea mmoja kwenda mwingine, maana ziko virusi zinazoenezwa kwa utomvu. Kidonda cha shina kipake unga wa mdalasini, ambao jikoni kwetu haukosekani. Mizizi usiipake, itakauka.

JAMBO LA MSITUNI

Najua mtu akishapenda kitu, hufikiri njia ya mkato. Atasema, msitu wa Ngezi si uko kaskazini hapo, kwa nini nisiende nikabandua? Ndugu zangu, msifanye hivyo. Ngezi ni msitu wa hifadhi, na hiyo peke yake ingetosha. Lakini iko sababu nyingine. Tunda moja la okidi huwa na mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, zisizo na akiba ya chakula. Mbegu haioti mpaka ikutane na ukuvu wa aina yake wa kuilisha. Mwaka 1922 mtaalamu wa Marekani, Lewis Knudson, alionyesha kuwa zinaweza kuoteshwa ndani ya chupa kwa sukari na madini, bila ya ukuvu huo, na tangu hapo miche ikawa inazalishwa kwa wingi. Msituni hakuna chupa. Katika mbegu hizo zote huenda usipone hata mmea mmoja, na ukipona utachukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza. Unaloling'oa kwa dakika moja ni kazi ya miaka mingi.

Na nyinyi mliotoka Maskati, Dubai na Uingereza, msitie mmea katika sanduku mkaondoka nao. Ukoo mzima wa okidi umo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliotiwa saini Washington mwaka 1973, na Tanzania imo tangu mwaka 1979. Kusafirisha kunataka kibali.

Okidi ya halali kwa mtu wa Pemba ni ile aliyoinunua, aliyopewa na mwenziwe, au aliyoiokota juu ya tawi lililoanguka au mti wa mtaani unaokatwa kwa ruhusa. Mti wa zamani ukikatwa kwa ajili ya nyumba, kabla ya kuni kupasuliwa, pitisheni macho juu ya matawi.

VYUNGU VITATU

Sasa nafunua kanga.

Miaka mingi baada ya lile kosa langu, nilikuja nyumbani likizo, nikaambiwa mwembe wa bibi utakatwa. Ulikuwa umezeeka na unainamia paa. Bibi aliniita. Alikuwa haoni tena vizuri, lakini alinionyesha kwa mkono tawi lilipo. Akasema, "Chukua uliobaki. Safari hii usizike."

Niliubandua polepole kwa kisu pamoja na gome lake, nikaufunga kwa usumba juu ya kipande cha mwembe ule ule. Mwaka wa kwanza haukufanya kitu. Mwaka wa pili ukatoa mizizi. Kila nilipokwenda kumjulia hali, bibi aliuliza, "Umeshanukia?" nami nilijibu, "Bado, bibi." Mwaka wa tatu bibi akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwaka wa nne, usiku, nilikuwa nimelala, harufu ikaingia dirishani. Nilitoka barazani nikakaa mpaka karibu na alfajiri. Nilikuwa na habari ya kumwambia mtu, na mtu mwenyewe hayupo.

Machipukizi matatu ya mmea huo ndiyo haya. Nataka mawili yakae vyunguni kwenye baraza ya skuli, upande wa jua la asubuhi, na moja, likishapata nguvu, lifungwe juu ya mti uwanjani, mahali ambapo vijana wa chini hawafikii kwa mikono. La mtini litajitazama lenyewe isipokuwa wakati wa kaskazi. Ya vyunguni yanataka zamu, na hasa zamu ya wakati wa likizo, maana mimea mingi ya skuli hufa skuli ikifungwa. Andikeni majina. Kila mwenye zamu akinyanyue chungu kwanza, ndipo ashike kata ya maji.

Pengine hamtaona ua kabla ya kumaliza masomo yenu. Atakayeliona ni mdogo wenu ambaye sasa yuko madarasa ya chini. Basi mtapokuja nanyi kwenye mkutano kama huu, mkiwa na mvi kama zangu, mwulizeni kama limeshanukia.